Siku Moja ya Familia Kisite

Familia nyingi za askari wetu wa jeshi na polisi hapa Uganda zimezoea ziwa. Mtoto aliyekulia Entebbe au Jinja ayajua maji matamu yasiyopwa wala kujaa, na ajua kwamba akizamisha uso hataona mbali. Bahari ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo mzazi anayekusudia kuipeleka jamaa yake likizoni katika pwani ya Kenya, wakatazame samaki chini ya maji kwa miwani na mrija wa kupumulia, yafaa ajue mambo kadha kabla ya kupanda jahazi.

Safari huanzia Shimoni, kilomita zipatazo 80 kusini ya Mombasa. Mbele yake kipo kisiwa cha Wasini, ambacho hakina magari, na upande wa pili wa Wasini ndiko iliko Hifadhi ya Bahari ya Kisite, yenye eneo la kilomita za mraba 28. Humo kuvua ni marufuku, na ndiyo sababu samaki hawatishiki. Pono mwenye mdomo kama wa kasuku hutafuna mwamba karibu na mtu hata sauti ya meno yake ikasikika. Pengine kasa hupita, na njiani huonekana pomboo.

Nyakati nzuri ni za kaskazi, tangu Novemba hadi Machi, kwa kuwa kusi huchafua bahari. Tena mtu aulize habari za maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na baina ya kujaa na kupwa ni saa sita na robo hivi. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huja bamvu, na mikondo huwa na nguvu. Siku za maji mafu humfaa zaidi anayejifunza. Nahodha ayajua hayo yote, na akisema wakati wa kurudi umefika, basi umefika, hata kama abiria wake ni meja.

Miwani hupimwa hivi: iweke usoni bila kuifunga, kisha vuta pumzi kwa pua. Ikinata, ni yako. Isiponata, itaingiza maji. Mtoto apewe miwani na mrija wa kipimo chake, kwani mrija mkubwa humrudishia pumzi chafu aliyokwisha itoa. Maji yakiingia mrijani, hutolewa kwa kupuliza kwa nguvu. Mazoezi haya yafanywe mahali pa kina kifupi. Maji ya chumvi humwelesha mtu kuliko ya ziwani, lakini hilo lisimdanganye baba anayeona haya kuvaa jaketi la kuokolea maisha mbele ya wanawe. Akilivaa yeye kwanza, watoto hawatabisha. Kila mtoto awe na mtu mzima wa kumtazama, na mtu huyo asiwe na kazi nyingine.

Watoto wavae fulana, maana mwenye kuelea kifudifudi huungua mgongo asitambue mpaka usiku. Maji ya kunywa yawe ya kutosha.

Jambo gumu kuliko yote ni kutogusa. Matumbawe huonekana kama mawe, kumbe ni viumbe hai, na ya aina ya mawe mazito huongezeka kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Kisigino cha mtu aliyechoka, akisimama kidogo apumzike, huvunja kazi ya miaka mingi. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na yaliyosalia hayawezi kuvumilia mengi. Anayetaka kupumzika na alale chali, au ashike kamba ya jahazi.

Mwamba nao hujilinda. Iko miiba mirefu myeusi, na wako samaki wenye sumu wanaofanana na jiwe. Aliyechomwa na samaki wa namna hiyo atumbukize mguu katika maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia, bila kujiunguza, kwa muda wa nusu saa au zaidi, kisha apelekwe kwa daktari.

Adhuhuri majahazi mengi hutia nanga Wasini, wageni wakala wali na samaki. Baada ya chakula, mama na watoto waweza kupita juu ya njia ya mbao inayotunzwa na wanawake wa kisiwa, katikati ya mikoko na miamba ya kale ya matumbawe iliyoachwa nchi kavu. Maji yakipwa huko, kaa hutoka mashimoni kwa wingi, na watoto huwa wagumu kuondoka.