Helikopta Ikitua Butiama, Nani Amemwandaa Mgonjwa?

Kutoka Musoma hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni takriban kilomita 220 kwa barabara. Unapita Kiabakari, Bunda, Lamadi na Magu, na gari la wagonjwa hata likienda vizuri hutumia zaidi ya saa tatu. Angani, ukikatiza juu ya ziwa, ni kama kilomita 150. Helikopta yenye mwendo wa kilomita 220 kwa saa huzimaliza kwa dakika 40 hivi. Ndiyo maana mgonjwa akifia njiani, msibani watu huulizana: kwa nini sisi wa mkoa wa Mara tusiwe na helikopta ya wagonjwa?

Ni swali la haki. Hebu tupige hesabu. Tuseme helikopta inakaa Mwanza na mgonjwa yuko Butiama. Rubani apokee simu, aangalie hali ya hewa, awashe injini: dakika 15 au 20. Aruke: 40. Atue, mgonjwa akabidhiwe na kufungwa mikanda: 20 hadi 30. Kurudi: 40 nyingine. Hapo tumeshafika saa mbili.

Mama aliyejifungua sasa hivi na kuvuja damu nyingi anaweza kufa ndani ya saa mbili hizohizo. Huyu haokolewi na injini. Anaokolewa na mkunga anayeukanda mfuko wa uzazi palepale kitandani, sindano ya oksitosini iliyotunzwa kwenye ubaridi unaotakiwa, dripu inayokwenda kasi, na damu ya kuongezewa iliyopo kwenye jokofu la hospitali iliyo karibu naye. Ndege inafuata baada ya hayo.

Wapo wagonjwa ambao helikopta inawafaa kweli. Kijana wa bodaboda aliyegongwa karibu na Bunda, damu ikimvujia ndani ya fuvu, anahitaji daktari wa upasuaji wa ubongo, na kila dakika inayookolewa barabarani ni ubongo unaookolewa. Hata hivyo mgonjwa wa namna hii akipandishwa kabla ya kuandaliwa, safari inaweza kummaliza.

Ndani ya helikopta kelele ni kubwa kiasi kwamba stetoskopu haisaidii. Daktari anategemea macho yake na mashine inayoonyesha mapigo ya moyo na oksijeni. Nafasi ni finyu, na kumwekea mtu mpira wa kupumulia huku chombo kinatikisika ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo njia ya hewa ihakikishwe chini, dripu mbili zifungwe imara, mifupa iliyovunjika itulizwe. Aliyeumia kifua huhitaji uangalizi wa pekee. Chombo kinapopanda, shinikizo la hewa hupungua, na hewa iliyovuja kati ya pafu na ukuta wa kifua hutanuka, ikalibana pafu. Musoma yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari kabla hata hujaruka. Mpira wa kutoa hewa hiyo uwekwe kwanza.

Kutua nako kuna mambo yake. Kiwanja cha shule kinafaa, kikiwa wazi, kigumu, bila nyaya za umeme karibu. Anueni kanga na mashuka, ondoeni mabati yaliyolegea, fungeni mbuzi, na watoto wabaki darasani. Panga la mkiani likizunguka halionekani kabisa, kwa hiyo usipite nyuma kamwe. Subiri ishara ya rubani, umwendee kwa mbele anakokuona. Na mahali penye mteremko, kama palivyo pengi Butiama, fika ukitokea upande wa chini, kwa kuwa upande wa juu mapanga yako karibu zaidi na kichwa chako.

Afrika Mashariki si mgeni wa tiba ya angani. Madaktari wanaoruka wa shirika la AMREF walianza mwaka 1957, Sir Michael Wood akiwa miongoni mwa waasisi watatu, na hadi leo ndege zao huruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Mwaka 2018 droni zilijaribiwa kupeleka dawa Ukerewe kutoka Mwanza: kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40 hivi. Jaribio hilo nalipenda sana. Kama damu na dawa zinaweza kumfuata mgonjwa alipo, wako wengi ambao hawatahitaji kusafirishwa wakiwa mahututi.

Msimamo wangu ni huu: Mara ianze na damu ya kutosha Bunda na Butiama, wauguzi waliofunzwa huduma za dharura, na viwanja vya kutulia vilivyopimwa mapema. Helikopta ikija, ipokelewe na watu walio tayari.

Wakati tukisubiri hayo, upo mfumo wa m-mama, uliotandazwa nchi nzima kuanzia mwaka 2022, unaomtafutia mjamzito, mzazi au kichanga gari la wagonjwa, na likikosekana, dereva wa jirani aliyesajiliwa, kisha dereva hulipwa kwa simu. Namba ni 115, kupiga ni bure. Iandike ukutani leo, na mfundishe kila aliye nyumbani.