Fumbo la Vina na Ufumbuzi Wake kwa Ushirika

Fumbo katika fasihi ya Kiswahili lina sura mbili zijulikanazo zaidi. Ya kwanza ni kitendawili cha maneno machache, ambacho mtegaji husema "Kitendawili!" na wasikilizaji huitika "Tega!" Ya pili ni shairi la fumbo, ambalo mtungaji huficha jambo ndani ya beti zenye vina na mizani, kisha huwataka malenga wenzake walifumbue kwa beti kama zake. Katika makusanyo mengi yaliyochapishwa jibu huandikwa mara tu baada ya swali, nayo njia iliyopitwa baina ya hayo mawili haionekani. Makala hii inakusudia kuieleza njia hiyo, na kuonyesha kwamba vina ni sehemu ya ufunguo wa fumbo.

Desturi yenyewe ni ya kale. Katika kisa cha Fumo Liyongo, shujaa aliyefungwa alimpelekea mama yake maagizo kwa wimbo, kupitia kwa kijakazi Saada, aokewe mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Walinzi hawakutambua yaliyofichwa; mama alitambua. Baadaye Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, na maneno mengi ya mashindano hayo yalifumbwa.

Bara, Kiswahili kilifuata njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Reli ilifuata karibu mwelekeo ule ule: ilifika Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914. Usoke, katika wilaya ya Urambo, ni mojawapo ya vituo vya reli hiyo magharibi ya Tabora. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka wa 1923, washairi wa pwani na wa bara walipata uwanja mmoja wa kuulizana na kujibizana. Lakini Kiswahili chao hakikuwa na mazoea yale yale. Mtu wa Unyamwezi, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyamwezi, na mtu wa Mombasa waliweza kulisoma neno moja, kila mmoja akaona kitu chake. Hapo ndipo fumbo linapopata nguvu.

Tutazame ubeti ufuatao, ambao mwandishi ameutunga kwa ajili ya maelezo haya:

Nauliza wajuaji, mlio bara na pwani,
Jina la mvunja miji, kazi yake i mtini,
Ndani wamo wajengaji, wenye mikuki mwilini,
Hupewa moshi si maji, kitu gani nambieni?

Tuseme ubeti huu unasomwa kwa sauti mbele ya watu kadhaa pale Usoke. Mfanyakazi wa reli, akisikia habari ya moshi na ya watu waliomo ndani, atasema upesi: garimoshi. Jibu hili lina akili, lakini mstari wa nne unalikataa. Garimoshi la zamani lilipewa maji likatoa moshi; kitu hiki hupewa moshi wala hakipewi maji. Mtu aliyetoka pwani atashika mstari wa pili: mvunja miji ni mzinga, yaani silaha kubwa iliyowekwa ngomeni. Amelipata jina, ila hawezi kueleza mtini wala wajengaji. Ndipo mrina asali wa misitu ya miyombo atakaposema kwamba yeye naye anao mzinga, tena ameutundika mtini. Wajengaji ni nyuki, mikuki ni miiba yao, na moshi ndio apelekao anapokwenda kurina. Hapana hata mmoja kati ya watatu hao aliyekuwa na jibu zima. Wa kwanza alikosea, lakini kosa lake ndilo lililowafanya wenzake waupime mstari wa nne.

Yafaa tuangalie pia sarufi. Mzinga ni neno la ngeli ya M/MI, na kama mtungaji angesema "umetundikwa" au "una", msikilizaji hodari angelikwisha pata nusu ya jibu. Kwa hiyo mtungaji ametumia maneno "jina" na "kazi", ambayo huleta upatanisho wao wenyewe. Ametumia pia kiambishi "hu-" katika "hupewa", ambacho hakionyeshi ngeli yo yote, na mwishoni akasema "kitu". "Wamo" nalo laweza kusemwa kwa watu na kwa wadudu. Kuficha ngeli ndiko kazi kubwa ya mfumbaji wa Kiswahili.

Ama vina, faida yake ni mbili. Kwanza, huyalinda maneno. Kama mnakili angeandika "si mvua" mahali pa "si maji", kina cha kati kingevunjika, na msomaji angejua kuna kosa. Na neno hilo ndilo lililoliondoa garimoshi. Pili, humlazimisha mjibuji kulipima jibu lake, kwa maana yampasa alitie katika vina vile vile:

Jibu lako mtungaji, ni mzinga wa porini,
Nyuki ndio wajengaji, asali yao i ndani,
Mwenziwe mvunja miji, u juu ya ngome pwani,
Hutopata kwangu mji, Tabora wala Pangani.

Mstari wa mwisho wakumbusha desturi ya "Nipe mji": wasikilizaji wakishindwa, humpa mtegaji mji, naye hutaja jibu. Kunyima mji ni kutangaza ushindi.

Ushirika huu haukuwa mchezo mtupu. Wakati wa ukoloni Saadani Kandoro, aliyezaliwa Ujiji mwaka wa 1926, alitunga shairi la siafu na nyoka. Aliyesikia habari za wadudu tu alipata nusu ya shairi. Aliyeelewa kwamba siafu ni wananchi na nyoka ni mtawala alilipata zima. Maana hiyo ilihitaji watu waliokwisha zoea kufumbua pamoja.

Kwa hiyo yatupasa, sisi tunaokusanya mafumbo, tubadili kidogo namna ya kazi yetu. Tuandike swali na jibu, na baina yake tuandike pia majibu yaliyokataliwa, sababu za kukataliwa kwake, na kazi na asili ya kila aliyejibu, bila ya kutaja majina yao. Mkusanyaji akiandika "mzinga" peke yake atakuwa amehifadhi neno moja. Akiandika na garimoshi na ngome, atakuwa amehifadhi namna watu wa njia ile ya Tabora walivyokifanya Kiswahili kuwa chao.