Msingoje Sindano ya Guangzhou: Mpeni Mtoto Lugha Leo

Swali ni lilelile, liulizwe na mfanyabiashara aliyeko Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanakofikia Waafrika wengi, au na mama wa Temeke, Dar es Salaam, aliyesimuliwa habari za huko na watu wa mizigo: "Mwalimu, mwanangu ni kiziwi na haoni. Ni hospitali gani Guangzhou watamchoma sindano ya seli shina apone, ndipo tumfundishe lugha?"

Hakuna hospitali yenye sindano hiyo. Na hata ingekuwepo, huko kungoja ndiko kunakomwumiza mtoto.

Habari inayowachanganya watu ina chanzo cha kweli. Machi 2016, jarida la Nature lilichapisha kazi ya Kituo cha Macho cha Zhongshan, Guangzhou. Watoto wachanga 12 waliozaliwa na mtoto wa jicho waliondolewa lenzi yenye ukungu, na lenzi mpya zikaota. Hapo hapakuchomwa sindano ya seli za mtu yeyote. Madaktari walitoboa tundu dogo la kama milimita moja pembeni mwa mfuko wa lenzi, wakatoa ukungu, wakauacha mfuko na seli zake. Seli hizo za mtoto mwenyewe ndizo zilizojenga lenzi. Upasuaji ule ni wa lenzi tu. Mtoto ambaye mshipa wake wa fahamu wa jicho haukukua, au ambaye retina yake imeharibika, haumsaidii kitu. Sikio haukuligusa kabisa.

Wauza sindano wamelichukua jina la mji na kuliuza. Serikali ya China yenyewe, Januari 2012, iliamuru tiba za seli shina zisizoidhinishwa zisimamishwe. Ukiambiwa ulipe fedha nyingi ili mtoto aingie kwenye "utafiti", beba mtoto wako uondoke.

Wengine huniletea habari za sindano za jadi za China (akupancha). Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, matabibu wa jeshi la China waliwachoma sindano hizo wanafunzi viziwi, na magazeti yakatangaza kwamba viziwi wamesikia na wanapiga kelele za kumsifu kiongozi wa nchi, Mao. Lakini leo Guangzhou ina shule ya viziwi, Qicong, na shule ya wasioona, Qiming, ambayo mizizi yake ni darasa lililoanzishwa mwaka 1889 na daktari mmisionari Mary Niles. Mji wenye tiba hiyo ungekuwa unaendesha shule hizo kwa ajili ya nani?

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba uponyaji hutangulia lugha. Laura Bridgman, mtoto kiziwi asiyeona, alianza kufundishwa Boston, Marekani, mwaka 1837. Helen Keller, naye kiziwi asiyeona, alipata mwalimu, Anne Sullivan, Machi 1887, na mwaka 1904 akahitimu chuo kikuu. Hakuna kati yao aliyepona. Sullivan aliona mapema kwamba masomo ya kupangiwa saa hayafai, akaamua kuzungumza kwa vidole mkononi mwa Helen mchana kutwa, jinsi watu wanavyozungumza na mtoto mchanga asiyejibu bado. Mtoto wako naye anahitaji mazungumzo hayo sasa, kwa ngozi yake.

Fanyeni hivi. Wakati wa uji, weka mkono wako chini ya wake. Mkono wa juu humlazimisha, wa chini humwalika. Nendeni pamoja hadi kwenye kikombe, ahisi joto, anuse. Fanya ishara ya kula huku mkono wake ukiwa juu ya wako. Mpe kidogo, kisha simama ungoje, hata kama kimya ni kirefu. Akisogeza kidole kuelekea kikombe, ameomba tena: mjibu papo hapo.

Kila mtu wa nyumbani ajitambulishe kwa alama moja isiyobadilika: bibi bangili yake, baba ndevu zake. Kabla ya kuoga, ashike dodoki. Kabla ya kutoka, ashike kiatu. Vitu hivyo vipangeni kwenye kikapu kwa mfuatano wa siku, halafu ongezeni ishara, baadaye nukta nundu. Apimwe macho na masikio mapema: rubela ya mama mjamzito huweza kumwachia mtoto uziwi na mtoto wa jicho kwa pamoja, na upasuaji wa mtoto wa jicho unafanyika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Kifaa cha kusikia au kipandikizi cha sikio, daktari akishauri, kubalini, lakini mikono isiache kuzungumza. Kenya ipo shule ya viziwi wasioona ya Kabarnet. Kenya, Tanzania na Uganda, ulizieni shirika la Sense International.

Mzazi mwenzangu, fedha ya sindano iache mfukoni. Anza na mlo unaofuata, na uwafundishe ndugu na majirani nao wazungumze na mtoto huyu kwa mikono yao.