Pua Ikikugeukia

Helikopta ndogo ya rimoti ikikupa mkia, kulia kwako ndiko kulia kwake: unasukuma kijiti kulia, nayo inaenda kulia. Ikigeuka ikakutazama, kijiti kilekile kinaipeleka kushoto kwako. Ni jambo ambalo mtu hulielewa kabla chai haijapoa. Vidole gumba vyake huchukua wiki nyingi kulizoea, na katika wiki hizo ndipo mapanga ya helikopta huvunjika.

Kwa hiyo kijana wa Kitui au Makueni, huku Ukambani nchini Kenya, akiniuliza aanze na helikopta gani, humwambia asinunue yoyote kwa sasa. Anunue rimoti nzuri, waya wa kuiunganisha na kompyuta, na simuleta ya urukaji, yaani programu inayoigiza helikopta kwenye skrini. Uso wake hukunjamana. Wengi wa rika lake walikuwa shuleni mwaka 2020 nzige wa jangwani walipovamia Ukambani, wakaziona ndege za kunyunyizia dawa zikipita chini juu ya mashamba ya ndengu na kunde. Anataka kitu kirukacho, siyo mchezo wa kompyuta.

Tatizo ni kwamba helikopta haifanani na droni. Droni ya picha ina kipokezi cha setilaiti na kompyuta yake ndogo. Ukiachia vijiti, inasimama hewani ikikungoja. Helikopta ya kawaida ya mchezo haikungoji. Kuielekeza ikae palepale ni kama kusimamisha mchi kwenye kiganja: hakuna mahali unapoweza kuuweka ukatulia, kuna kusahihisha tu, kidogokidogo, kabla haujalala. Juu ya hayo kuna ugomvi wa mkia. Rota kuu ikizungukia upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzungukia upande wa pili, na rota ndogo ya mkia ndiyo inayouzuia. Lakini rota hiyo ya mkia, katika kuzuia, inasukuma chombo kizima pembeni. Hivyo helikopta iliyotulia kabisa hewani huwa imeinama kidogo upande mmoja. Anayeanza huona mwinamo huo akadhani ni kosa, akainyoosha, ikateleza.

Mjerumani Dieter Schlüter, aliyefanikiwa kurusha helikopta ya rimoti mwaka 1970, hakuwa na jairo ya kielektroniki ya kushika mkia kama tulizo nazo leo, wala hakuwa na simuleta. Mtu wa enzi hiyo alijifunza kwa kuvunja. Wenye ndege kubwa walikuwa wameshalitatua tatizo hilo miaka arobaini kabla. Edwin Link, kijana wa Binghamton, Marekani, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda, alichukua mivukuto ile inayopuliza hewa kwenye vinanda akaitumia kutikisa kibanda chenye umbo la ndege. Hiyo ilikuwa 1929. Wanunuzi wa mwanzo walikiona kama kitu cha kuchezea kwenye maonyesho. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani kadhaa wakafa kwa majuma machache katika hali mbaya ya hewa, na jeshi likanunua vibanda sita vya Link. Sifahamu mfano bora wa kumwonyesha anayedharau skrini.

Sasa, mazoezi yenyewe. Kosa kubwa ni kuingia kwenye simuleta na kuanza kupinduapindua helikopta kwa sababu kuvunja ni bure. Utafurahi, na hutajifunza. Weka mkia ukuelekee, inua chombo, kikae palepale juu ya alama moja. Ukiweza hivyo kwa dakika nzima bila kuhangaika, geuza mkia kidogo kushoto, kisha kulia, halafu ubavu mzima. Pua kukutazama iwe ya mwisho, na hapo usiharakishe. Kinyozi hajinyoi vizuri kwenye kioo siku ya kwanza. Mimi huona afadhali dakika ishirini kila siku kuliko saa nne za Jumamosi, kwa kuwa vidole hushika somo ukiwa umelala. Chagua pia mpangilio mmoja wa vijiti na usiubadilishe kamwe. Kuna wanaoweka nguvu za kupanda kwenye kijiti cha kushoto na wanaoweka kulia, na kuhamahama kunafuta yote uliyojifunza.

Angalizo moja kuhusu kompyuta ya bei nafuu: ikiwa picha inachelewa kufuata kijiti, punguza mapambo ya skrini, yaani miti, mawingu na vivuli, hadi mwendo uwe laini. Ukizoea kuchelewa huko, ukitoka nje utasukuma kijiti zaidi ya inavyohitajika.

Kuna mambo ambayo skrini haikufundishi, na Ukambani yako mengi. La kwanza ni hewa. Pale penye mwinuko wa mita 1,100 hivi, kama baadhi ya sehemu za kaunti hizi mbili, joto likifika nyuzi 30 hewa huwa nyepesi kwa takriban asilimia 17 kuliko ile ya usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Mapanga hushika hewa kidogo, injini hufanya kazi zaidi, betri huisha mapema. Helikopta iliyokuwa nyepesi kwenye skrini itaonekana imechoka. La pili ni upepo wa miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, na vile vimbunga vidogo vya vumbi vinavyozuka adhuhuri kwenye uwanja mtupu. Vumbi jekundu huingia kwenye beringi na halitoki kwa kupuliza.

La tatu ni hofu. Panga lenye urefu wa sentimita 36 kutoka kitovuni, likizunguka mara 2,800 kwa dakika, ncha yake hukimbia karibu kilomita 380 kwa saa. Kwenye skrini hilo halina uzito. Uwanjani linakata mkono.

Sheria nayo si ya kupuuzwa. Kanuni za vyombo visivyo na rubani za mwaka 2020, zinazosimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, zinahusu usajili na vibali, zinaweka kikomo cha futi 400, kama mita 122, juu ya ardhi, na zinataka mita 50 kati ya chombo na watu, magari au majengo yasiyo chini ya mamlaka ya mrushaji. Kaa mbali na viwanja vya ndege, hata vidogo kama kile cha Makindu, na usithubutu kurusha karibu na mbuga za wanyama.

Siku ya kwanza nje, toka alfajiri kabla upepo haujaamka. Funga chini ya helikopta fito mbili nyembamba zilizopishana, na mipira midogo kwenye ncha zake, ili isipinduke ikigusa ardhi vibaya. Simama mita kadhaa nyuma, mkia ukikutazama. Inua hadi usawa wa goti, hesabu mpaka kumi, itue. Gusa betri uone imepata joto kiasi gani, pangusa vumbi, kisha inua tena.