Sindano zisizovumilia jua la Koboko

BARABARA ya lami ya kilomita 92 itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, hubeba kila kitu. Vitenge huingia kutoka Kongo, sabuni na sukari huvuka kwenda Kaya na Yei, samaki wakavu na maharage hushushwa kila stendi. Katikati ya mizigo hiyo, mara nyingi chini ya nguo, husafiri pia dawa: za malaria, za minyoo, za maumivu, na vichupa vidogo vya sindano.

Ni vichupa hivyo ninavyotaka tuvizungumzie leo. Baadhi yake vinabeba uhai wa mama anayejifungua au wa mgonjwa wa kisukari. Vikisafirishwa vibaya, hubaki maji tu.

Sisi tuliosoma ukimbizini, Zaire na Sudan, baada ya vita vya 1979, tulikua tukiona dawa zikivuka mpaka ndani ya fundo la kitambaa. Vidonge vya klorokwini vilitembea siku nzima juani kichwani mwa mama, na jioni vilimteremsha mtoto homa. Tukazoea kwamba dawa ni dawa, ibebwe namna yoyote. Kwa sindano hizi, mazoea hayo ni hatari.

Shanga na uzi

Wataalamu huziita dawa za peptidi. Mwili hujijenga kwa chembe ndogo ziitwazo asidi amino. Zifikirie kama shanga. Ukitunga shanga nyingi sana unapata protini, kama ile ya nyama na maharage. Ukitunga chache unapata peptidi. Oksitosini, homoni inayobana mji wa mimba, ina shanga 9 tu. Insulini, inayorekebisha sukari katika damu, ina 51.

Dawa hizi si ngeni. Insulini ilipatikana mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwayo. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatwa na kisukari cha aina yake alikuwa akisubiri kufa. Mwaka 1953, Mmarekani Vincent du Vigneaud alifaulu kutengeneza oksitosini katika maabara, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Lakini shanga zimeshikwa na uzi, na uzi hukatika. Ukimeza insulini, tumbo huisaga kama linavyosaga nyama, ndiyo maana hudungwa. Joto kali huiharibu, na kuigandisha kwenye barafu huiharibu vilevile. Kibaya zaidi ni kwamba kichupa kilichoharibika kinaweza kuonekana safi kama kile kizima. Hakinuki, hakibadiliki rangi. Samaki akioza utajua kwa pua; oksitosini ikiharibika unaweza kujua kwa mgonjwa tu.

Mama anayetokwa damu

Mtoto akishazaliwa, mkunga humdunga mama yuniti 10 za oksitosini ili mji wa mimba ubane na mishipa ya damu ifunge. Ni sindano ndogo yenye kazi kubwa. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba wanawake wapatao milioni 14 hupatwa na tatizo la kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kila mwaka, na kiasi cha 70,000 hufariki. Mama aliyekuwa akizungumza na ndugu zake anaweza kufariki ndani ya saa chache.

Dawa hiyo hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi wodini. Mwaka 2019, WHO pamoja na UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja kuzikumbusha nchi jambo hilo. Kulisema ni rahisi. West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na, tangu mwaka 2012, bwawa dogo la Nyagak. Friji ikizimika usiku kucha, dawa haimwambii mtu. Mkunga anadunga, anasubiri, damu haikatiki. Dakika anazosubiri ndizo mama alizokuwa anazihitaji.

Upo upande wa pili wa hatari. Oksitosini hiyohiyo huongeza uchungu, na wapo wanaodunga ili mama ajifungue haraka, bila vipimo wala mtu wa kumwangalia. Hospitalini kazi hiyo hufanywa kwa dripu, tone kwa tone, huku mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa. Nje ya hapo, mji wa mimba unaweza kupasuka na mtoto akakosa hewa. Tena, mtu aliyezoea dawa dhaifu hujifunza kuongeza kipimo. Siku atakayopata kichupa kizima akadunga kipimo kilekile cha mazoea, madhara yake hayasemeki.

Hata hivyo, habari njema ipo. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa WHO uliohusisha wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Uganda na Kenya zikiwamo. Ulipima peptidi nyingine, kabetosini, iliyotengenezwa ili ivumilie joto. Ilizuia kutokwa damu sawa na oksitosini, na inaweza kukaa katika nyuzi 30 kwa miaka mitatu bila friji. Mwaka 2019 iliingizwa katika orodha ya WHO ya dawa muhimu, na bei iliyokubaliwa kwa hospitali za umma za nchi maskini inakaribia ile ya oksitosini. Kwa vituo vilivyo mbali na Arua, dawa ya namna hiyo ni ukombozi. Ila ni ya kuzuia damu baada ya mtoto kutoka; haifai kamwe kuharakisha uchungu.

Mtungi wa bibi

Kwa mwenye kisukari, habari ni tofauti kidogo, maana insulini ni ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva waliichunguza kwa kufuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, ambako ndani ya nyumba joto hupanda kutoka nyuzi 25 hadi 37 na kushuka tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne.

Kabla ya utafiti huo, wagonjwa wengi wasio na friji walilazimika kutembea hadi hospitali kila siku, wakati mwingine mara mbili, ili wadungwe. Mtoto huacha shule, mfanyabiashara huacha soko. Leo mgonjwa aliyefundishwa vizuri anaweza kukaa na insulini yake nyumbani, ndani ya mtungi wa udongo wenye ubaridi, dawa ikiwa imefungwa kwenye mfuko mkavu isilowe. Mtungi uleule wa bibi zetu.

Lakini msomaji asichanganye. Nyuzi 37 za ndani ya nyumba si joto la dashibodi ya gari lililoegeshwa Koboko saa saba mchana. Wala ruhusa hiyo ya wiki nne ya insulini haihusu oksitosini. Kila dawa ina sheria yake, na sheria hiyo huelezwa na mhudumu wa afya.

Sindano za kupunguza unene

Sasa limekuja kundi jipya. Semaglutidi, iliyotengenezwa kwa ajili ya kisukari na kuuzwa kwa majina kama Ozempic, imeonekana pia kupunguza uzito kwa kiasi kikubwa. Septemba 2025, WHO iliingiza dawa za kundi hilo katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari wenye maradhi ya moyo au figo pamoja na unene uliopita kiasi. Ni tiba ya kweli.

Palipo na dawa ya kweli yenye bei kubwa, bandia haichelewi. Juni 2024, WHO ilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Huko Austria, mwaka 2023, watu walilazwa hospitalini baada ya kutumia sindano za namna hiyo. Sukari yao ilishuka ghafla, na wakuu wa dawa wa huko walishuku kwamba ndani mlikuwa na insulini. Ikiwa nchi zenye maabara kila mji zinadanganywa, mpaka wenye njia za panya kama wetu utasalimika vipi?

Nyingine huuzwa bila kuwa dawa kabisa. BPC-157, inayosifiwa kuponya misuli na viungo, haijathibitishwa kwa binadamu kwa utafiti wa kutosha, na tangu mwaka 2022 shirika la kupambana na dawa haramu michezoni limewakataza wanamichezo kuitumia.

Tufanye nini?

Kwa ndugu zangu wa mpakani: faida ya kichupa kimoja isikutie tamaa. Hata kama ni halisi, mkoba wako si friji, na unayemuuzia anaweza kuwa dada yako anayejifungulia ng'ambo ya Kaya. Biashara ya dawa hutaka leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na maduka madogo ya dawa hayaruhusiwi kuuza sindano hizi.

Kwa mgonjwa na familia yake: nunua kwenye famasi yenye mfamasia, angalia tarehe, angalia kama boksi limefunguliwa. Uende na chupa ya chai iliyopozwa au kikasha cha baridi, lakini barafu isiguse dawa. Sukari ikigoma kushuka ilhali hujabadilisha kipimo wala chakula, shuku dawa na urudi kwa daktari, usijiongezee mwenyewe. Mjamzito akiambiwa adungwe sindano ya kuharakisha uchungu nyumbani au dukani, akatae, apelekwe kituo cha afya.

Na kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji swali moja: dawa hii imelala wapi jana usiku? Akionyesha friji inayofanya kazi, mnaweza kuendelea. Akionyesha mkoba, ondoka.