Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Usikimbilie Kufuta

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kompyuta inayogoma kuwaka baada ya mwenyewe, au fundi wake, kuigusa mipangilio ya ndani. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi, hayamhusu mwananchi wa kawaida. La hasha! Siku hizi hesabu za SACCOS zimo ndani ya kompyuta, mitihani ya shule imo humo, tasnifu ya mwanafunzi imo humo, na picha za marehemu baba zimo humo. Kompyuta ikigoma, anayelia si fundi.

Mambo aghalabu huwa hivi. Jana kompyuta ilikuwa nzima. Leo mtu kaingia katika ile sehemu ya mipangilio inayofunguka kwa kubonyeza F2 au Delete wakati mashine inaanza kuwaka, kabadilisha jambo moja, kahifadhi, katoka. Mashine inawaka, feni inazunguka, taa zipo, lakini Windows haiji. Kioo ni cheusi, na juu yake kuna mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kwamba hakuna kifaa cha kuwashia kilichoonekana. Mwenye kompyuta anaibeba mbio hadi kwa fundi. Fundi anaitazama kwa nusu dakika, anasema: "Hii ni kupiga Windows tu, mzee. Saa moja inatosha." Na kweli, baada ya saa moja kompyuta inawaka vizuri. Ila imerudi tupu kama ilivyotoka dukani.

Mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo alinisimulia kisa cha namna hiyo. Daftari la wanachama la miaka mitatu lilipotea katika saa hiyo moja. Jambo la kusikitisha ni kwamba halikuwa na sababu ya kupotea. Ninachotaka kukisema juma hili ni hicho tu: mipangilio ya kuwashia ikikosewa, diski haijaguswa, na mali iliyomo ipo salama. Kinachoiteketeza ni haraka ya kutafuta dawa.

Ili tuelewane, hebu tuifananishe kompyuta na ghala. Ndani ya ghala imo mali yote: barua, hesabu, picha. Ghala hilo ndilo diski. Yupo bwana ghala anayejua kila mzigo ulipo. Huyo ndiye Windows, naye hulala humo humo ndani. Lakini langoni yupo bawabu, na bawabu huyu haishi ghalani. Anaishi katika chipu ndogo iliyobandikwa kwenye madabodi. Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, wa kwanza kuamka ni yeye. Hukagua kama vifaa vipo, kisha husoma karatasi ya maagizo aliyoachiwa: kamwamshe bwana ghala, anza na mlango huu, ukimkosa nenda mlango ule. Akishamwamsha, zamu yake imekwisha.

Basi mtu anapobadilisha mipangilio ya kuwashia, anachobadilisha ni karatasi ya bawabu. Bawabu akipotea njia, ghala halijaungua.

Bawabu wa zamani aliitwa BIOS, na alienea duniani pamoja na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Yeye husoma kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512 tu, na kufuata anachokikuta humo. Bawabu wa kisasa anaitwa UEFI, na jumuiya ya makampuni inayosimamia kanuni zake iliundwa mwaka 2005. Huyu hafuati kile kipande cha kwanza. Yeye huenda kwenye chumba maalumu ndani ya diski na kutafuta humo faili la kuamshia. Kompyuta nyingi za miaka ya 2010 zina bawabu wa kisasa anayeweza pia kujifanya wa zamani, na hali hiyo ya kujifanya huandikwa Legacy kwenye kioo.

Hapo ndipo penye mtego, na mtego huo umenasa wengi kwa sababu ninayoifahamu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai kompyuta yenye bawabu wa kisasa na chipu ya usalama iitwayo TPM. Wenye mashine za zamani kidogo wakaambiwa: ingia ndani, ondoa Legacy, weka UEFI. Wakafanya hivyo. Lakini diski zao zilikuwa zimepangwa kwa utaratibu wa zamani, hazina chumba anachokitafuta bawabu wa kisasa. Bawabu akazunguka, hakuona kitu, akaandika kwamba hakuna kifaa. Dawa ya kwanza ni kurudisha Legacy, na bwana ghala ataamka kama kawaida. Kisha, kama mtu bado anataka kuhamia utaratibu mpya, tangu mwaka 2017 Windows yenyewe ina programu iitwayo MBR2GPT inayoibadili diski bila kufuta mafaili. Hata hivyo, nakala ya mafaili iwekwe kando kwanza, kwani tahadhari haina hasara.

Sababu ya pili ni ndogo hata inachekesha. Flashi imesahauliwa kwenye tundu lake, na karatasi ya bawabu inasema aanze na flashi. Anagonga mlango ambao nyuma yake hakuna mtu. Chomoa flashi, washa upya. Wapo waliolipa fedha kwa kazi hiyo.

Ya tatu ni namna bawabu anavyozungumza na diski. Katika mipangilio kuna mahali pa kuchagua AHCI, RAID, au katika mashine kongwe, IDE. Windows iliyowekwa kwa lugha moja ikiamshwa ghafla kwa lugha nyingine, mara nyingi hushtuka na kuonyesha kioo cha buluu, kisha hujizima na kuwaka tena bila kikomo. Hapa pia dawa ni kurudisha lugha iliyokuwapo.

Ya nne inatuhusu sana sisi tunaotumia kompyuta za mitumba na umeme wa kukatikakatika. Katika kompyuta za mezani, hasa za zamani, karatasi ya bawabu hutunzwa kwa nguvu ya betri ndogo, bapa kama sarafu, yenye namba CR2032 na nguvu ya volti 3. Betri hiyo ikichoka, kila umeme unapokatika bawabu husahau alichoambiwa na kurudia maagizo ya kiwandani. Sasa kama aliyeiuza mashine aliiwekea Windows kwa mipangilio tofauti na ile ya kiwandani, utaamka asubuhi ukute kompyuta imegoma, na wewe hukugusa chochote. Dalili yake ni saa. Ukiona tarehe imerudi nyuma miaka mingi, na tovuti za benki zinakataa kufunguka kwa kudai vyeti vyao si halali, badilisha betri kabla ya kumlaumu mtu. Kisha sahihisha tarehe na urudishe mipangilio iliyokuwapo.

Sababu ya tano naiweka peke yake, kwa kuwa hii inaweza kukutoa machozi ya kweli. Kompyuta nyingi za sasa hufunga diski kwa kufuli la siri. Katika Windows kufuli hilo huitwa BitLocker. Pengine hufungwa lenyewe pale mtu anapoanza kuitumia kompyuta mpya kwa akaunti ya Microsoft, mwenyewe asijue. Ile chipu ya TPM ndiyo inayotunza ufunguo, nayo huutoa pale tu inapoona langoni hakujabadilika kitu. Ukizima ule ukaguzi wa saini uitwao Secure Boot, au ukibadilisha mambo mengine ya kuwashia, chipu inaweza kuingiwa na shaka. Ndipo kioo kinapodai ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Mara nyingi, ukirudisha mipangilio kama ilivyokuwa, chipu hutulia na mashine huwaka. Isipotulia, ufunguo utafute katika akaunti yako ya Microsoft, au katika karatasi uliyochapisha, au kwa wasimamizi wa kompyuta kazini kwako. Ukikosekana kabisa, hakuna fundi mwenye njia ya kukufungulia. Anayekuahidi kwamba atafungua kwa ujanja wake, mshukuru na uondoke.

Sasa tufanyeje? Mafundi wa Kariakoo niliozungumza nao, wale wenye subira, walinipa utaratibu ambao naona kila mtu anaweza kuufuata.

Kwanza, kabla hujagusa chochote, piga picha kila ukurasa wa mipangilio kwa simu yako. Picha hizo ndizo kumbukumbu ya bawabu. Usitegemee kile kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, maana ya kiwandani si lazima yawe ndiyo yaliyokuwa yakitumika. Kama kompyuta ina BitLocker, hakikisha ufunguo wa akiba unao mkononi, na ulisimamishe kufuli hilo kwa muda ndani ya Windows kabla ya kuingia langoni.

Pili, mashine ikigoma, chomoa vyote vilivyochomekwa, ubaki na kibodi na kipanya. Kisha ingia katika mipangilio na uulize swali moja: je, jina la diski linaonekana? Likionekana, bawabu anaiona diski, na kuna tumaini kubwa kwamba kosa limo katika maagizo. Lisipoonekana, huenda waya umelegea au diski yenyewe imekufa, na hapo unahitaji fundi wa vifaa.

Tatu, rudisha ulichobadilisha, kimoja kimoja, ukiwasha mashine kila mara. Anayebadilisha mambo matano kwa mpigo hatajua lipi lilikuwa sumu na lipi dawa.

Nne, kama kioo kimekuwa cheusi kabisa hata mipangilio haifunguki, chomoa umeme, fungua kasha, toa ile betri ya sarafu kwa dakika chache, kisha uirudishe. Kompyuta nyingi za mezani husahau maagizo mabaya kwa njia hiyo. Za mapajani zina taratibu zake, na nyingine hazikubali. Hizo mpelekee fundi.

Tano, na hili ndilo la kumwambia fundi kwa sauti kabla hajaanza kazi: "Usifute kitu mpaka mafaili yangu yawe yamenakiliwa." Diski inaweza kutolewa na kuchomekwa katika kompyuta nyingine, na isipokuwa na kufuli, mafaili yataonekana humo kama yalivyo. Kupiga Windows kuna mahali pake, lakini mahali hapo ni mwisho wa safari, mafaili yakiwa yamekwisha nakiliwa.

Sisemi haya kuwavunjia heshima mafundi wetu. Wengi wao wamejifunza kwa jasho, bila chuo wala vitabu, na wanazirejesha kazini mashine zilizotupwa na wenzetu Ulaya. Lakini kila kazi ina njia ya mkato, na njia ya mkato ya fundi wa kompyuta ni kufuta. Yeye humaliza kwa saa moja na kulipwa. Hasara yote hubaki kwa mwenye mali, aliyenyamaza kwa kuona haya kuuliza. Kuuliza si ujinga, wapenzi wasikilizaji. Mwenye ghala ana haki ya kujua kama kilichoharibika ni ghala, au ni bawabu tu aliyepokea maagizo yasiyo sahihi.

Na leo jioni, kompyuta yako ikiwa bado nzima, nakili mafaili yako muhimu katika flashi na uifungie kabatini. Tukijaliwa tutakutana tena juma lijalo.