Nani Alilipia Swali la Kayongo?

Ukipanda matatu Otonglo kuelekea Bondo, haupiti muda mrefu kabla ya kufika Kisian, na tawi la njia hiyo huendelea hadi Luanda Kotieno, wanakopandia feri ya Mbita. Msimu wa mahindi, mgeni anayechungulia dirishani huvutiwa na maua madogo ya zambarau yaliyotapakaa shambani. Mwenye shamba akiyaona, moyo humshuka. Hiyo ni kayongo, gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mahindi na mtama na kuinyonya kabla halijachomoza juu ya ardhi. Linapotoa maua, hasara imekwisha kuingia. Mmea mmoja huangusha mbegu maelfu kwa maelfu, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa kushika.

Kinga mojawapo bora ya kayongo ilipatikana ng'ambo ya maji, Mbita, katika kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu. Nairejelea habari hiyo kwa sababu moja: waliyoipata hawakuwa wakiitafuta.

Mwaka 1994, Wakfu wa Gatsby, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1967 na David Sainsbury, wa familia yenye maduka makubwa ya vyakula, ulianza kugharimia kazi ya Zeyaur Khan wa icipe na John Pickett wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Swali lao lilihusu nondo. Kwa nini nondo wa bungua, ambaye viwavi wake hutoboa mabua ya mahindi, hutaga kwenye mmea huu na kuuruka ule? Ni harufu gani inayomwita, na ni ipi inayomfukuza? Mama anayeuza omena sokoni angekuwa na haki kabisa ya kuuliza swali kama hilo litaleta unga gani nyumbani.

Walichunguza nyasi za porini, aina moja baada ya nyingine. Wakaona kwamba nepia humvuta nondo atage, kisha utomvu wake huwaua wengi wa viwavi wanaojaribu kuingia. Wakaona pia kuwa kuna nyasi ambayo harufu yake humfukuza nondo na papo hapo huwaita nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi. Matokeo kuhusu nyasi hiyo ya pili yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997. Ndipo ukazaliwa mpango ambao wakulima wanaujua kwa jina la vuta-sukuma: nepia kuzunguka shamba, na desmodiamu, lishe ya ng'ombe ya jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi kumfukuza nondo badala ya ile nyasi.

Palipopandwa desmodiamu, kayongo ikapungua sana. Hakuna aliyeipanda kwa ajili hiyo. Ruzuku ya kawaida, yenye fomu ya matokeo kila baada ya miezi mitatu, ingewaamuru warudi kwa nondo wao. Hapa waliachiwa nafasi ya kuuliza sababu, na jibu likawa chini ya ardhi: mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kayongo, pamoja na nyingine zinazoizuia kuushika mzizi wa mahindi. Mbegu huota, hukosa pa kunyonya, hufa. Hata leo mjadala haujafungwa. Watafiti wengine wameonyesha miaka ya karibuni kwamba desmodiamu hutoa harufu kidogo mno, na kwamba vinyweleo vyake hunasa wadudu. Sayansi ya msingi huenda hivyo, na anayeilipia sharti akubali hivyo.

Wakfu huo huo ulifungua mwaka 1998, katika chuo cha UCL jijini London, kitengo cha kuchunguza jinsi ubongo unavyokokotoa. Mkurugenzi wake wa kwanza, Geoffrey Hinton, alipata Nobel ya fizikia mwaka 2024. Pickett naye alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Wolf mwaka 2008. Tuzo ni heshima, lakini humkuta mtu amekwisha kufika. Pesa zenye thamani kubwa zaidi ni zile zilizomfikia akiwa bado hana cha kuonyesha.

Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya, alilijua hilo alipoanzisha icipe mwaka 1970. Aliamini Mwafrika ana haki ya kuuliza maswali ya mwanzo kabisa ya sayansi, asiwe wa kupokea majibu ya wengine tu. Lakini wakfu wa mbali, hata ukiwa na nia njema, huwajibika kwa wadhamini wake. Mkulima wa hapa kwetu Seme hana kura humo. Na fedha za serikali za nje si salama zaidi: Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, tuliona jinsi uamuzi wa siku moja Washington unavyotikisa kazi ya miaka huku kwetu.

Sheria yetu ya sayansi ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti. Hatujakaribia hapo. Lakini watu wa kutoa tunao. Harambee zimejenga madarasa na zahanati, na wafadhili wetu wenyewe wamesomesha maelfu ya watoto werevu wa maskini. Wanapohitimu wakitaka kuchunguza jambo, wanaandika barua Ulaya.

Kwa hiyo nawaomba wenye mali wa Kisumu, Siaya na Homa Bay, na ndugu walio ughaibuni: chagueni kijana mmoja wa Maseno, au wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga pale Bondo, mumlipie miaka 5 achunguze analotaka kulijua kuhusu ziwa hili la Victoria na udongo wa kando yake. Na mwaka wa kwanza ukiisha, msimuulize amepata nini.